Kugeuza Muziki na Kunasa Sauti kwa Michezo ya Kompyuta: Historia Fupi na Tatizo la Istilahi

Yapo maandishi ambayo mfasiri huyapokea kwa dharau, akidhani ni mambo ya watoto, na baada ya ukurasa mmoja huanza kuvuja jasho. Miongozo ya kubadili michezo ya kompyuta ni ya aina hiyo. Kwa nje inahusu askari, mazimwi na mapango. Kwa ndani imechanganya fizikia ya sauti, ufundi wa muziki na sarufi. Neno moja hutumiwa kwa maana tatu katika aya moja, na mwandishi haoni haja ya kutoa maelezo kwa kuwa anawaandikia wenzake walio katika kazi hiyo hiyo.

Msomaji atauliza jambo hili linamhusu nini mwalimu au mtumishi wa serikali. Linamhusu kwa kuwa vijana anaowafundisha tayari wanaifanya kazi hii, na wanaifanya kwa maneno waliyoyaokota njiani. Tena linamhusu kwa sababu mashine inayosema imejengwa kwa kufuata sarufi ya lugha nyingine, na Kiswahili kikiingizwa humo bila tahadhari hutoka kimevunjika viungo. Katika makala haya tutaeleza jinsi muziki na sauti za watu zilivyoanza kubadilishwa na wachezaji wenyewe, na humo humo tutapima istilahi zinazofaa. Tunatumia neno kompyuta, wala hatukusudii kufufua ule mjadala wa tarakilishi na ngamizi.

Kisa chenyewe

Mwaka 1992 kampuni ya id Software ya Marekani ilitoa mchezo ulioitwa Wolfenstein 3D. Wachezaji hawakuridhika kuucheza tu. Walifungua mafaili yake, wakachora upya kuta na kubadili sauti. Lakini kila aliyefanya hivyo ilimbidi aandike juu ya faili la asili na kuliharibu, kama mtu aandikaye barua yake juu ya barua ya mwenzake. Mtayarishaji programu wa kampuni hiyo, John Carmack, aliliona jambo hilo na hakulikasirikia. Mchezo uliofuata, Doom, uliotolewa tarehe 10 Desemba 1993, ulipangwa kwa namna nyingine kabisa: programu ilikaa peke yake, na picha, ramani, muziki na sauti zote zikakaa katika faili jingine lililoitwa WAD, kifupisho cha swali la Kiingereza lenye maana ya "data zote ziko wapi?" Faili la asili lilikuwa na alama ya IWAD mwanzoni mwake. Faili la mchezaji lilikuwa na alama ya PWAD, na herufi ya kwanza ilisimama badala ya neno lenye maana ya kiraka. Mchezo ulisoma faili la asili kwanza, kisha kiraka. Kila kilichokuwa na jina lile lile katika kiraka kilichukua nafasi ya kile cha asili, na cha asili kikabaki salama.

Hapa Kiswahili hakikupata taabu hata kidogo. Kiraka ni neno la nguo, na kila mtu anajua kwamba kiraka hufunika bila kuondoa kitambaa kilicho chini. Tumeona baadhi ya wafasiri wakiandika "rekebisho" mahali hapa, na kwa maoni yetu wamepoteza picha nzuri bila faida. Kila kitu ndani ya faili hilo kiliitwa kwa neno la Kiingereza ambalo maana yake hasa ni donge. Donge la sauti lilipewa jina linaloanza kwa herufi DS, donge la muziki jina linaloanza kwa D na kistari cha chini, na jina lote halikuruhusiwa kuzidi herufi nane. Tunapendekeza neno donge litumike, ingawa tunajua kwamba mpenzi wa taarabu atatabasamu, kwani kwake donge ni kitu kimkwamacho mtu kooni kwa kijicho.

Sampuli

Sauti za Doom zilihifadhiwa kwa vipimo ambavyo leo vinaonekana vya kimaskini: vipimo 11,025 kwa kila sekunde, kila kimoja kikiwa na biti 8, na kwa sikio moja tu. Hesabu ifuatayo itaonyesha sababu. Sekunde moja ya sauti ya namna hiyo huchukua baiti 11,025. Sekunde moja ya sauti ya santuri ya leza iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, yenye vipimo 44,100 vya biti 16 kwa masikio mawili, huchukua baiti 176,400, yaani mara 16. Diski laini ya siku zile ilibeba baiti 1,474,560. Ingebeba sekunde 8 za sauti safi, au zaidi kidogo ya dakika 2 za sauti hafifu. Kompyuta iliyotakiwa kwa mchezo huo ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 4, na ndani yake zilipaswa kuingia ramani, picha na programu yenyewe. Basi watu walichagua uhafifu kwa sababu ya nafasi, wala si kwa ujinga wa masikio.

Kila kimoja cha vipimo hivyo huitwa sampuli. Neno hili lilitoka dukani: ni kipande cha kitambaa achukuacho mnunuzi ili kiwakilishe jora zima. Wapo wanaolalamika kwamba kitambaa na wimbi la hewa havifanani. Sisi twaona vinafanana vya kutosha, kwa kuwa hapa pia kidogo kinasimama badala ya kizima, na ustadi wote umo katika kujua ni vidogo vingapi vinatosha. Swali hilo lilijibiwa na wanahisabati kabla ya kompyuta kuenea. Harry Nyquist aliligusa katika maandishi yake ya mwaka 1928, naye Claude Shannon akalithibitisha katika yale ya mwaka 1949: sampuli zinatakiwa ziwe zaidi ya mara mbili ya mtikisiko wa juu kabisa unaotaka kuuhifadhi. Kwa sampuli 11,025, hakuna kitakachobaki juu ya hezi 5,512.

Jambo hili si la wahandisi peke yao. Sauti kama s, sh, z, th na dh hujitambulisha kwa mikwaruzo ya juu, na sehemu kubwa ya mikwaruzo ya s iko juu ya mpaka huo. Msemaji akisema "zana" na "dhana" katika chumba, hakuna atakayekosea. Sauti hizo zikipita katika tundu la sampuli 11,025, msikilizaji hulazimika kukisia kwa muktadha. Ni vivyo hivyo kwa "samani" na "thamani". Na ikiwa aliyegeuza faili hakuchuja kwanza mikwaruzo ya juu, haiondoki kwa heshima bali hurudi chini ikiwa imevaa sura nyingine: mlio wa hezi 8,000 hujitokeza kama mlio wa hezi 3,025, ambao haukuwako kinywani mwa msemaji. Wageuzaji wa mwanzo walioona maneno yao yametoka na filimbi ya ajabu walidhani kipaza sauti kimeharibika. Mlio huo tunapendekeza uitwe mlio bandia. Wengine wametaja "mwangwi", na hilo ni kosa, kwa maana mwangwi ni sauti ya kweli iliyogonga ukuta ikarudi.

Kuhusu idadi ya sampuli kwa sekunde, yamekwisha kupendekezwa masafa, mrudio na kasi. Masafa yamechukuliwa na redio, na kwa mtu wa kawaida bado ni umbali wa safari. Tunaona "kasi ya sampuli" ndilo tamko lisilo na matata mengi, mradi mfasiri asilikate likabaki "kasi" tu. Faili lililonaswa kwa sampuli 22,050 likiandikiwa kwenye paji lake kwamba ni 11,025, mchezo hulisoma polepole: maneno huchukua muda mara mbili, na sauti hushuka kwa daraja zima la nota nane, msichana akasikika kama mzee aliyekesha. Kosa hili lilikuwa la kawaida sana. Mwongozo unaomwambia kijana "punguza kasi" bila kueleza kama ni kasi ya sampuli au ya wimbo unampeleka shimoni.

Kuna tatizo jingine ambalo hatuwezi kulipita. Wanamuziki huita kwa jina lile lile la Kiingereza kipande kizima kilichonyofolewa katika wimbo wa mtu mwingine, au mpigo mmoja wa ala ulionaswa ili upigwe tena kwa sauti za juu na chini. Matumizi hayo yalienea kwa kompyuta ya Amiga ya mwaka 1985, iliyoweza kupiga vipande vinne kama hivyo kwa pamoja, na kwa programu ya Karsten Obarski ya mwaka 1987 iliyowapa wengi njia ya kutunga muziki wa namna hiyo. Mfasiri akiandika sampuli kwa vyote viwili, atapata sentensi isemayo kwamba sampuli moja ina sampuli 20,000. Kwa kipande cha wanamuziki tunapendekeza kionjo, neno ambalo tayari watangazaji wetu hulitumia kwa kipande kifupi cha filamu au wimbo kinachotangulia kizima.

Muziki ulioandikwa na muziki ulionaswa

Muziki wa Doom, uliotungwa na Bobby Prince, haukunaswa kabisa. Ndani ya faili hamkuwa na sauti bali maagizo: piga nota hii, kwa ala hii, kwa nguvu hii, kisha iache. Maagizo hayo yaliandikwa kwa namna iliyoitwa MUS, ambayo ni mtoto aliyepunguzwa mwili wa MIDI, mapatano ambayo watengenezaji wa vinanda vya umeme waliyafikia mwaka 1983. MUS ilihesabu wakati kwa mapigo 140 kila sekunde, na katika mchezo wa asili wimbo mmoja haukupaswa kuzidi kilobaiti 64. Mchezaji aliyetaka kuweka wimbo wake alianza na faili la MIDI, na mnamo mwaka 1994 wapenzi wa mchezo walikwisha tengeneza programu ndogo za kugeuza kutoka namna moja kwenda nyingine.

Kugeuza huko kulikuwa na mtego ambao twautaja kwa sababu unaonyesha vizuri kazi ya mgeuzaji. Katika MIDI ya kawaida ngoma hupigwa katika njia ya 10. Katika MUS ngoma zimewekwa katika njia ya 15, na hesabu huanzia sifuri. Programu iliyosahau kuzibadilisha ilitoa wimbo ambao ngoma zimegeuka kinanda na kinanda kimegeuka matoazi. Kila nota ilikuwa mahali pake, na bado wimbo haukutambulika. Wafasiri wataijua hali hiyo.

Wimbo ule ule ulisikika tofauti kwa kila mwenye mashine. Kadi ya AdLib ya mwaka 1987 na ile ya Sound Blaster ya mwaka 1989 zilitumia kijisahani cha Yamaha kilichoweza kutoa sauti tisa kwa wakati mmoja, zote za kuundwa, na Doom ilibeba ndani yake donge maalumu lenye maelezo ya ala 175 ili kijisahani hicho kijue filimbi ilie vipi na zumari vipi. Mwenye kadi ya bei kubwa alisikia kitu karibu na bendi halisi.

Kutokana na hayo twaona kwamba neno kugeuza peke yake halitoshi. Kuhamisha maagizo kutoka MIDI kwenda MUS ni kugeuza umbizo. Kuyapa maagizo mashine ili yatoke yakiwa sauti ni kupiga, wala hakuna haja ya neno jingine, kwa maana ndicho kinanda kifanyacho. Lakini kuchukua sauti iliyonaswa, mathalani kanda ya bendi ya dansi, na kuirudisha katika maagizo ya nota ni kazi ya sikio la mtu, na hiyo tunapendekeza iitwe kunukuu. Tumeona mwongozo uliotafsiriwa ambamo kijana aliahidiwa kwamba programu "itageuza" wimbo wake wa kanda kuwa MIDI, kama vile kugeuza shilingi kuwa senti. Alipata kelele.

Umbizo lenyewe lina mpinzani mitaani, nalo ni fomati. Hatuna ugomvi na fomati katika mazungumzo. Katika hati twapendelea umbizo kwa sababu linazaa: kuumbiza, maumbizo, uumbizaji.

Tarehe 23 Desemba 1997 id Software ilitoa hadharani maandishi ya programu ya Doom. Sehemu moja ilikosekana, nayo ni ya sauti. Sehemu hiyo ilikuwa mali ya mtu mwingine, maktaba iitwayo DMX iliyoandikwa na Paul Radek, na kampuni haikuwa na haki ya kuigawa. Kwa hiyo waliopokea zawadi hiyo walipata mchezo bubu kwa sehemu kubwa, wakalazimika kuujengea sauti upya. Walipokuwa wakijenga, wengi waliongeza uwezo ambao mchezo wa asili haukuwa nao, na hatimaye wakaufanya usome muziki ulionaswa, na si wa maagizo pekee.

Muziki ulionaswa ulikwisha kuingia kwa mlango mwingine. Quake, mchezo wa kampuni hiyo hiyo wa mwezi Juni 1996, ulikuwa na muziki wa Nine Inch Nails uliowekwa katika santuri ya leza kama nyimbo za kawaida. Mtu angeweza kuutia katika redio yake akausikiliza bila kompyuta. Uzuri wa sauti ulipatikana kwa gharama ya uhuru, kwani mchezaji asingeweza kutia kiraka kwenye santuri. Miaka ilipopita na vyombo vya kusoma santuri kutoweka katika kompyuta, watunzaji wa mchezo huo walizigeuza nyimbo zile kuwa mafaili, zikapewa majina kwa namba zake za zamani, nao muziki ukawa tena kitu kinachoweza kubadilishwa.

Mafaili hayo yalibanwa. Sanifu ya MP3 ilichapishwa mwaka 1993, na kiambishi hicho kikachaguliwa rasmi na taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani mwezi Julai 1995. Karlheinz Brandenburg na wenzake walipokuwa wakiipima waliutumia wimbo wa Suzanne Vega ambamo mwanamke anaimba peke yake bila ala, kwa sababu sauti tupu ya binadamu ndiyo inayoumbua ubanaji mbaya kuliko kitu kingine chochote. MP3 ilikuwa na hakimiliki za uvumbuzi, na mwaka 1998 Fraunhofer ilianza kudai ada kwa waandishi wa programu. Jibu lake lilikuwa Ogg Vorbis, lililokamilika mwezi Julai 2002, huru kwa kila mtu. Mpango wa ada za MP3 ulifikia mwisho mwezi Aprili 2017. Lakini wabadili michezo waliipenda Ogg kwa sababu nyingine ya kikazi: MP3 hukata sauti katika vifungu vya sampuli 1,152 na kuongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni, hivyo wimbo unaotakiwa kuzunguka bila kukoma hujikwaa kila unaporudi mwanzo. Ubanaji wa aina hii hutupa sehemu ya sauti isiyorudi tena. Wengine huuita "wenye hasara", nasi twahofu kwamba mhasibu ataelewa vingine. "Wenye upotevu" ni salama zaidi.

Sentensi zilizokatwakatwa

Tunafikia sasa jambo lililotusukuma kuandika. Mwezi Novemba 1998 kampuni ya Valve ilitoa mchezo wa Half-Life. Ndani ya folda yake ya sauti mlikuwa na faili la maandishi ya kawaida lililoorodhesha sentensi. Kila mstari ulikuwa na jina la sentensi, kisha majina ya maneno, na kila neno lilikuwa faili lake la sauti. Mtangazaji wa maabara katika mchezo huo hakunaswa akisema sentensi nzima nzima. Alinaswa akisema neno moja moja, na mchezo ukaziunga sentensi kutoka kabatini, ukiweza kupandisha au kushusha sauti ya neno, kulikaza au kulifupisha kwa namba zilizoandikwa katika mabano. Vazi la mhusika mkuu nalo lilimtangazia kiasi cha nguvu kilichobaki kwa kuunga neno na namba. Midomo ya wahusika ilifunguka kwa kadiri ya ukubwa wa sauti, bila kujali ni neno gani.

Kwa mbadili mchezo hii ilikuwa neema. Bila kunasa chochote, aliweza kufungua faili lile na kumtangazisha mtu maneno ambayo hakuyasema kamwe kwa mpangilio huo. Kwa Kiingereza, ambacho namba haibadiliki kwa kufuata jina, mtindo huu unakwenda vizuri kiasi. Tufikirie mtu anayetunga kibadala cha mchezo huo kwa Kiswahili, akaamua kufuata mtindo ule ule. Atanasa "mlango", "chumba", "gari", "askari", "nyumba", na namba moja hadi kumi. Kisha mashine itasema "milango mbili", "vyumba mbili", "askari mbili".

Namba sita, saba, tisa na kumi hazimdai kitu. Lakini mbili, tatu, nne, tano na nane hufuata ngeli: wawili, miwili, mawili, viwili, mbili. Kwa ngeli hizo tano za wingi peke yake, namba tano zinahitaji vipande 25 badala ya vitano, na bado hatujataja mahali pawili. Kumi na wawili, ishirini na viwili, hufuata sheria hiyo hiyo. Kitenzi nacho kina kiambishi cha mbele: wamefungiwa, imefungwa, vimefungwa, yamefungwa. Hicho hakiwezi kukatwa kikawekwa kabatini peke yake, kwa maana hakuna Mswahili asemaye "vi" akapumzika. Na asilimia hutangulia namba, ilhali Kiingereza huiweka nyuma. Aliyetafsiri orodha kwa kufuata mpangilio wa asili atapata "themanini na tano asilimia".

Kuna na lahani. Silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo yenye mkazo, na neno likiwa la mwisho katika usemi silabi hiyo huvutwa zaidi na sauti hushuka. Mtu akinaswa akisema neno moja moja, kila neno linakuwa la mwisho. Yakiungwa, hutoka usemi wa mtu anayesoma orodha ya bidhaa gulioni. Tumewahi kuisikia mashine moja ya simu ikituhesabia hivyo, na mzee aliyekuwa karibu nasi akauliza kwa nini huyo bibi ana huzuni.

Kosa la tatu ni la mkasi. Baada ya kunasa, mafundi hutumia programu inayokata kimya kilicho mwanzoni mwa kila faili, kwa kupima ni wapi sauti inapopata nguvu. Ile m ya Kiswahili iliyo silabi kamili huanza kwa nguvu ndogo, midomo ikiwa imefumbwa. Mkasi ukiwekwa juu kidogo, mlango unakuwa lango, mlima unakuwa lima, mkuu anakuwa kuu. Haya yote ni maneno ya Kiswahili, basi msikilizaji wa kukagua asiyejua lugha hataona kasoro yoyote. Dawa yake ni kuukata mwanzo kwa mkono na kuacha nafasi ya kutosha mbele ya neno. Mchezo hauchelewi kwa sababu ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa mfasiri ni kwamba asikubali orodha ya maneno matupu. Adai kuona sentensi zinazokusudiwa, kisha azigawe upya kwa vifungu vya Kiswahili: "milango miwili" kifungu kimoja, "imefungwa" kingine, na pale inapowezekana sentensi nzima. Nafasi ya diski haina uhaba tena kama mwaka 1993. Ubahili uliokuwa na sababu wakati ule umebaki kuwa desturi tu. Mchezo wa Counter-Strike, ulioanza mwaka 1999 kama kibadala cha Half-Life kilichotungwa na Minh Le na Jess Cliffe, ulikuwa na amri za redio ambazo Cliffe alizinasa mwenyewe kwa usemi kamili, na ndizo wachezaji walizozikariri.

Kunasa tumelitumia makusudi badala ya kurekodi. Ni neno la mtego, nalo limetumika tangu zama za vinasa sauti vya kanda. Linaeleza vema kwamba sauti ilikuwa ikipita zake ikakamatwa. Kuhusu mtu aliyekamatwa sauti, pamoja na mwenye wimbo uliogeuzwa, sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua wote wawili. Wabadili wa mwanzo hawakujali sana. Mwaka 1994 kibadala mashuhuri cha Doom kilichotungwa na Justin Fisher kiliweka humo sauti kutoka filamu ya Aliens ya mwaka 1986. Mwalimu anayewaongoza vijana leo afadhali awafundishe kuomba.

Kibadala ni pendekezo letu, na tunadaiwa maelezo. Vijana husema "modi", na wengine "kuchakachua". Hili la pili lina ladha, lakini ni neno la mafuta yaliyotiwa maji na kura zilizoibwa. Halimfai mtu aliyefanya kazi yake kwa ruhusa ya mwenye mchezo. Kurekebisha kunadai kwamba kulikuwa na ubovu. Wanaisimu wamekwisha tuzoesha kibadala, yaani umbo linalosimama mahali pa umbo jingine bila kukana asili yake, nacho ndicho kiraka kikifanyacho juu ya mchezo.

Kiswahili kiliwahi kuingia katika mchezo mkubwa bila kusubiri kibadala. Mwezi Oktoba 2005 Civilization IV ilifunguliwa kwa wimbo wa Christopher Tin uitwao "Baba Yetu", ambao maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, ukiimbwa na kwaya ya Stanford iitwayo Talisman. Mwezi Februari 2011 ukapata tuzo ya Grammy, wa kwanza kuipata miongoni mwa nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Mchezo huo uliweka orodha ya sauti zake katika mafaili ya maandishi ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua na kuyaandika upya, na vikosi vyake hujibu vinapoguswa kwa lugha za mataifa mbalimbali. Anayetaka kuvisemesha Kiswahili atahitaji jina la faili, kasi ya sampuli, na mtu mmoja mwenye kutamka m ya mlango.